Wachezaji milioni 83 hawakuifanya FarmVille kuwa gemu nzuri

Machi 2010 FarmVille, gemu ya kulima ya kwenye Facebook, ilifikisha wachezaji zaidi ya milioni 83 kwa mwezi, na mpaka leo ukigusa tu suala la ubora wa zile gemu za Facebook lazima atokee mtu akutupie hiyo namba, kwamba kama zilikuwa mbovu hao wote walifuata nini? Swali lake ni la haki na linastahili jibu la maana. Shida ni kwamba upande wa pili nao wana jibu la kivivu, wanasema zile zilikuwa gemu za wamama na wafanyakazi wa ofisini wasiojua gemu ni nini, basi wamemaliza. Mi naona wote wanakosea. Walioicheza walikuwa na akili zao na kuna kitu kizuri kweli walikipata pale, ila wingi wao ulitokana na jinsi Facebook ilivyokuwa imeacha milango wazi kipindi kile kuliko gemu yenyewe, na ubovu wa gemu haukutokana na kuwa rahisi, ulitokana na jinsi ilivyomgeuza rafiki yako kuwa mtaji.

Kwa ambao hawakuikuta, ilikuwa hivi. Unafungua Facebook kwenye kompyuta, unapewa kishamba chenye viboksi, unabonyeza kiboksi kimoja kinalimwa, unabonyeza tena unapanda mbegu, alafu unasubiri. Stroberi zilikuwa zinaiva baada ya masaa 4, ngano siku 3. Ukirudi kwa wakati unavuna, yaani unabonyeza tena kiboksi kimoja kimoja, unapata koini, unanunua mbegu, unaanza upya. Ukichelewa mazao yananyauka na hela ya mbegu imeenda. Hakuna mpinzani, hakuna mvua wala ukame, hakuna uamuzi wa kukuumiza kichwa, ujuzi pekee unaotakiwa ni kuwahi. Ndo maana watu walikuwa wanaamka usiku kwenda kuvuna, na kule Plovdiv, Bulgaria, diwani mmoja alitolewa kwenye kamati ya halmashauri mwaka 2010 kwa sababu ya kukamua ng'ombe wa FarmVille katikati ya vikao.

Shamba ukitaka kulipanua unahitaji majirani, yaani marafiki zako wa Facebook waingie nao, la sivyo utoe hela yako halisi. Na kila ukifanya kitu kidogo kinatokea kisanduku kinakuuliza kama unataka kukitangaza kwa watu wako, kondoo mweusi mpweke ameonekana anazurura shambani kwa fulani, nani atamchukua? Ukibonyeza bila kuwaza imeshaenda kwa watu wako wote, hadi bosi wako, hadi mwalimu wako wa zamani.

Huku kwetu hii kitu iliingia kwa wakati wa aina yake, maana FarmVille ilitoka Juni 2009 na mkongo wa intaneti wa chini ya bahari, SEACOM, ukawashwa Julai 23 mwaka huohuo, kabla ya hapo tulikuwa tunategemea setilaiti na kwenye intaneti kafe unahesabiwa dakika. Kwa hiyo wengi walioingia Facebook kipindi kile Dar au Mombasa waliikuta FarmVille kama posti za watu wengine kabla hawajawahi kuifungua kama gemu, kwa sababu kuifungua kwenyewe ilikuwa kazi, ilikuwa inatumia programu ya Flash, nzito, muda wako wa kafe unaisha bado unaangalia picha inajaa taratibu. Binamu aliyeko Uingereza unampata baada ya miaka mingi, unaingia kwenye ukurasa wake ujue anaendeleaje, habari zote pale ni kondoo na stroberi. Nasema hivi kwa sababu mtu aliyeiona gemu kwa nje, bila kuicheza, ndiye aliyeona vizuri zaidi ilikuwa inafanya nini: ilikuwa inatumia sehemu ya watu ya kusalimiana kama ubao wa matangazo.

Sasa turudi kwenye namba. Facebook ilifungua mlango kwa watengenezaji wa nje Mei 2007 na mwanzoni mlango ule haukuwa na mlinzi, gemu yako ingeweza kutuma notifikesheni kwa watu wengi wasiohusika kabisa na gharama yake ni sifuri. Zynga ya San Francisco, kampuni yenye FarmVille, iliyoanzishwa na Mark Pincus mwaka huohuo wa 2007, ndiyo iliyoelewa mapema kuliko wengine kwamba mali iko hapo. Wazo la shamba halikuwa lao, Wachina walikuwa na Happy Farm tangu 2008 na hata Facebook yenyewe kulikuwa na Farm Town ya Slashkey iliyotangulia miezi kadhaa. Zynga walichofanya vizuri kuliko wote ni kusambaza na kupima. Ken Rudin, aliyekuwa anaongoza kitengo chao cha takwimu, alinukuliwa akisema kwamba Zynga ni kampuni ya uchambuzi wa data iliyovaa sura ya kampuni ya gemu, na alikuwa anajisifu kabisa, hakuwa anaungama. Kila rangi ya kitufe, kila neno kwenye kile kisanduku cha kutangaza kondoo, lilipimwa kwa watu wengi, linaloleta mabonyezo mengi ndo linabaki.

Alafu angalia tarehe. Machi 2010 Facebook ikasitisha zile notifikesheni za aplikesheni kwa sababu watumiaji walikuwa wamechoka, na Machi 2010 ndo huohuo mwezi FarmVille iligusa kilele chake, baada ya hapo ikaanza kushuka. Sisemi hiyo ndo sababu peke yake, gemu yoyote watu wanaichoka, ila gemu ambayo watu wanaipenda yenyewe haitegemei kiasi hicho mlango wa jirani uwe wazi. Kuna atakayeniambia mbona CityVille ya Zynga haohao ilifika wachezaji milioni 100 Januari 2011, wiki chache tu baada ya kutoka? Ni kweli, na jibu lake ni kwamba kufikia hapo Zynga walishakuwa na umati wao wenyewe, ukiwa FarmVille unasukumwa CityVille, ukiwa CityVille unasukumwa kwingine, wateja walewale wanahamishwa kutoka chumba hiki kwenda kile, kwenye namba inaonekana kama mji mpya umezaliwa. Mwaka 2011 Zynga peke yake ilichangia asilimia 12 ya mapato ya Facebook. Desemba mwaka huo wakaingia soko la hisa kwa dola 10 kwa hisa, na mwisho wa Julai 2012 hisa ileile ilikuwa inachezea dola 3. Ukitaka kujua umaarufu wa kukopa unavyorudishwa, angalia hiyo miezi saba.

Kwenye hela ndo ubora unapoguswa moja kwa moja, na hapa wachambuzi wengi wanapita haraka sana. Wachezaji karibu wote walikuwa hawalipi chochote, hela ilikuwa inatoka kwa wachache tu, na Zynga wenyewe waliandika hivyo kwenye nyaraka zao kabla ya kuuza hisa. Sio dhambi, hata redio tunasikiliza bure. Swali ni wale wachache walikuwa wananunua nini. Walikuwa wananunua kutosubiri, kutoomba, kutonyaukiwa. Yaani bidhaa ilikuwa ni kukuondolea kero ambayo gemu yenyewe imeiweka. Fikiria maana yake kwa mtu anayekaa kuitengeneza: akifanya katikati ya gemu kuwa patamu, hakuna atakayelipa kuparuka, kwa hiyo kazi yake inakuwa kuhakikisha pale katikati panachosha, ila pasichoshe mpaka mtu akaondoka kabisa. Mi siwezi kuiita hiyo kazi nzuri hata ikileta mabilioni. Na mwanzoni kulikuwa na mabaya zaidi ya hayo, mwaka 2009 Michael Arrington wa TechCrunch, tovuti ya habari za teknolojia, aliandika mfululizo mzima kuhusu zile ofa ambazo mtu anajaza maswali apate pesa za ndani ya gemu, kumbe kashajiandikisha huduma ya kukatwa hela kwenye simu kila mwezi. Pincus mwenyewe kuna video yake akiwaambia wajasiriamali vijana kwamba alifanya kila ubaya unaoufahamu ilimradi mapato yaanze kuingia.

Waliojua gemu walichukia sana. FarmVille ilipopewa tuzo ya gemu mpya ya kijamii kwenye tuzo za watengenezaji wa gemu kule San Francisco mwaka 2010, mwakilishi wa Zynga alizomewa ukumbini. Chuki ile naielewa ila ilikuwa na dharau ndani yake, na dharau iliwafanya wasione jambo moja kubwa ambalo limeonyeshwa vizuri na ng'ombe wa Ian Bogost.

Bogost ni profesa, wakati ule alikuwa chuo cha Georgia Tech, na Julai 2010 alitoa gemu ya Facebook inaitwa Cow Clicker kwa lengo la kuzikejeli gemu zote hizi. Una ng'ombe mmoja. Unambonyeza. Ukishambonyeza unasubiri masaa 6 ndo umbonyeze tena. Ukiwaleta marafiki ng'ombe wao wanakaa malisho yako, ukibonyeza wa kwako na wao wanahesabiwa. Ukitaka kukwepa kusubiri unalipa. Basi, hakuna kingine, hakuna shamba, hakuna mavuno, alikwangua nyama yote akaacha mfupa ili watu waone mfupa ulivyo. Watu wakaja, wakapita 50,000. Wengine walijua ni kejeli na wakabaki, wengine hawakujua wala hawakujali, wakawa wanaongea kila siku, wanapeana habari za maisha, wanatungiana hadithi za ng'ombe, wanamuomba aina mpya za ng'ombe na yeye akajikuta anazichora kweli. Septemba 2011 akaifunga kwa kuwanyakua ng'ombe wote, pakabaki kivuli tu kwenye nyasi, na bado kuna watu waliendelea kubonyeza pale penye nafasi tupu.

Wengi wakisimulia hii wanaimalizia kwa kusema ona watu walivyo wajinga. Mi naisoma kinyume kabisa. Kama gemu isiyo na chochote ndani yake inaweza kuwafanya watu wapendane kiasi hicho, maana yake utamu wote wa FarmVille uliotangazwa kuwa ni ufundi wa Zynga ulikuwa ni wa watu wenyewe, waliuleta wao, mama aliyeko mbali na mwanae anaingia asubuhi kumwekea mbolea kwenye shamba lake, hilo tendo ni zuri hata ungelifanyia kwenye karatasi nyeupe. Januari 2010 baada ya tetemeko la Haiti wachezaji wa Zynga walichanga dola milioni 1.5 ndani ya siku 5 kwa kununua vitu vya ndani ya gemu. Watu walikuwa na moyo. Gemu ndo haikuwa na mahali pa kuupeleka huo moyo zaidi ya kuugeuza maombi na matangazo.

Na hapa ndo nataka tuwe makini, maana kama kipimo cha ubora ni ugumu basi hata drafti ni gemu mbovu, sheria zake mtoto anaelewa jioni moja. Pita kijiweni uangalie, ubao umechorwa kwa mkono, kete ni visoda, vingine vimelala vingine vimefunuliwa, wachezaji wawili na waliosimama sita, na hao sita ndo wenye kelele, mmoja anamwambia mchezaji ule ule hujaona? mwingine anamzuia asimfundishe, mzee aliyekaa pembeni hajasema kitu ila anacheka kabla kete haijasogezwa kwa sababu keshaona kitakachotokea hatua tatu mbele. Kila mtu pale anahitajika kwa sababu ya jinsi anavyofikiri. Ukimtoa mpinzani ukamweka mwingine inakuwa gemu nyingine kabisa, kwa sababu huyu ana papara na yule ana subira. Kwenye FarmVille ukimtoa jirani ukaweka jirani mwingine hakuna kilichobadilika, idadi imetimia. Mi hicho ndo kipimo changu kwa gemu yoyote ya mtandao wa kijamii: huyu rafiki nikimbadilisha na mgeni, kuna kitu kitapotea?

Ukikitumia kipimo hicho utaona kulikuwa na gemu nzuri kwenye Facebook tangu siku za mwanzo na nyepesi kabisa. Scrabulous ilitengenezwa na ndugu wawili wa Kolkata, Rajat na Jayant Agarwalla, ni mchezo wa kupanga maneno, unacheza zamu yako unaenda kazini, mwenzako anacheza ya kwake akipata nafasi, mamia ya maelfu ya watu walikuwa wanaicheza kila siku mpaka Hasbro, wenye haki za Scrabble kule Marekani, wakaenda mahakamani Julai 2008 wakidai ni nakala ya Scrabble, na kiukweli walikuwa na hoja. Pale unasubiri pia, masaa mengi tu, lakini unamsubiri mtu anafikiri. Draw Something ya OMGPop, hii ya kwenye simu, ilikuwa hivyohivyo, unachora neno mwenzako anakisia, na uchoraji mbovu wa rafiki yako ndo utamu wenyewe. Zynga wakainunua Machi 2012 kwa dola kama milioni 180, ndani ya wiki chache wachezaji wa kila siku wakaanza kupungua kwa mamilioni, mwaka huohuo wakafuta karibu nusu ya thamani yake kwenye vitabu, na Juni 2013 ofisi ikafungwa. Kwa hiyo gemu nzuri nayo inaweza kuchokwa haraka, sitaki mtu aseme naahidi kwamba ubora unadumu sokoni. Ila hakuna aliyeicheza akajuta kumwalika mwenzake.

Candy Crush Saga iko katikati, na inastahili kusemewa haki yake. Ilitoka Facebook Aprili 2012, na pale kwenye kupanga zile pipi kuna ufundi wa kweli, leveli zimepimwa, rangi na sauti zinajibu vidole vyako vizuri, unafikiri kabla ya kusogeza. Lakini kinachoitwa kijamii pale ni maisha matano, moja linarudi baada ya dakika 30, yakiisha unaomba marafiki au unalipa. Gemu nzuri imebandikwa ombaomba juu yake. Oktoba 2015 Mark Zuckerberg alienda Delhi kujibu maswali ya wanafunzi na swali lililopigiwa kura nyingi kuliko yote lilikuwa namna ya kuzuia maombi ya Candy Crush, mwenye Facebook yupo mbele yao, wangeweza kumuuliza chochote, wakachagua hilo. Mwaka uliofuata Activision Blizzard wakakamilisha kuinunua King, wenye gemu hiyo, kwa dola bilioni 5.9. Mambo yote mawili ni ya kweli kwa pamoja, inapendwa na inakera, kwa sababu ni vitu viwili tofauti vilivyofungwa kwenye aplikesheni moja.

Na kwamba kuomba sio lazima tumeona juzijuzi tu. Josh Wardle aliweka Wordle mtandaoni Oktoba 2021, neno moja la kukisia kwa siku, hakuna notifikesheni, hakuna kulipa. Novemba 1 ilikuwa na wachezaji 90. Januari 2 ilikuwa na 300,000, na mwisho wa mwezi huo New York Times wakainunua. Ilisambaa kwa vile viboksi vya rangi vinavyoonyesha ulivyokisia, ambavyo watu walivituma wenyewe kwa sababu walikuwa na cha kuambiana. Mama yangu mdogo yuko Unguja, ndugu zake wako Maskati, usiku wanaingia Ludo King kwenye chumba chao wenyewe, mmoja anatuma namba ya kuingilia kwenye WhatsApp ya familia, na simu ikiwa wazi wanapiga kelele kete ikilala vibaya. Ludo ni bahati nasibu nusu, matangazo ya ile aplikesheni yanachosha, lakini pale mtu hawezi kubadilishwa, kila mmoja anamjua mwenzake anavyokasirika akiliwa.

Jambo la mwisho kuhusu ubora ambalo halisemwi sana ni gemu inavyokufa. Pet Society, gemu ya Facebook ya kufuga wanyama, ilifungwa Juni 2013, watu walikuwa wametumia hela na miaka kuwavalisha wale wanyama, walilalamika sana na haikusaidia. FarmVille yenyewe ilizimwa Desemba 31, 2020, Flash ilipofika mwisho wake, mashamba ya miaka 11 yakaondoka na seva. Ubao wa drafti ukivunjika unachora mwingine. Kitu ulichokijenga kwa jasho la kubonyeza kilikuwa cha kwao siku zote, na kampuni yenyewe imeshauzwa, kampuni ya gemu ya Take-Two iliichukua Zynga mwaka 2022 kwa dola bilioni 12.7.

Kinachonifanya niandike haya yote kuhusu mashamba yaliyokwisha zimwa ni kwamba mbinu zake hazikuzimwa. Zynga wenyewe waliingia kamari ya hela halisi Uingereza mwaka 2013. Na saivi kaa na vijana Dar au Nairobi wakicheza Aviator, mchezo wa kamari wa kampuni ya Spribe, uangalie skrini yao. Kindege kinapanda, namba inakua, unatoa hela kabla hakijaruka na kutokomea. Mchezo wenyewe ni mwepesi kama kubonyeza ng'ombe. Pembeni kuna listi ya wengine walioweka na waliotoa, huyu kala mara mbili, huyu mara thelathini, inatembea muda wote, na chati chini yake. Hujui hata mmoja wao, na ukiwabadilisha wote na wengine hakuna kitakachopotea, wapo pale ili uone kwamba wenzako wanapata. Kenya mwezi wa 4 mwaka 2025 walisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na ilikuwa hatua ya maana kwa ambaye bado hajaingia. Kijana aliyeshaingia hahitaji tena tangazo la kwenye tivii, anashikwa na ile listi, na agizo lile halikuigusa.